Maji yakishapungua: namna ya kurudi na kujenga upya nyumba yako Dar es Salaam

Mvua za masika zikikatika, simu yangu haipoi. Anapiga mtu wa Kigogo, anapiga wa Tandale aliyejenga kandokando ya Mto Ng'ombe, anapiga wa Kigamboni ambaye bati tatu zimeondoka na upepo. Maswali ni yaleyale. Niingie lini? Godoro nilianike au nitupe? Fundi kaniambia wiki moja ukuta unakauka, ni kweli? (Si kweli.) Mimi ni fundi ujenzi, nyumba yangu mwenyewe imeshaingia maji mara mbili, na mara ya kwanza nilifanya karibu makosa yote utakayoyasoma hapa. Nimeamua kuandika ili nikipigiwa niseme tu: soma kwanza, halafu tuongee.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya tofali za saruji yenye paa la bati, ile tunayoijenga wengi. Unafaa kwa mafuriko ya kawaida ya bondeni na unafaa pia kwa kimbunga. Usiseme vimbunga ni vya Msumbiji. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, siyo mbali na hapa. Kule Marekani wanakiita kwa jina lingine, lakini upepo ni uleule na kazi ya kurekebisha ni ileile.

Kabla hujaanza, tafuta vitu hivi:

- Gambuti na glavu nene za mpira, kwa kila atakayeingia. Kandambili hapana.
- Fimbo ndefu, tochi, na testa ya umeme.
- Koleo, toroli, ndoo za lita 20, fagio gumu la chelewa na brashi ya waya.
- Sabuni ya unga na dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe.
- Misumari miwili ya inchi tatu na nyundo. Utaona kwa nini.
- Simu yenye chaji, maana utapiga picha nyingi.
- Maji safi ya kunywa ya kutosha siku nzima, ya kubeba kutoka nje.

Watoto waache kwa bibi au kwa jirani wa juu. Tope la mafuriko Dar lina kila kitu ndani yake, pamoja na vyoo vilivyotapishwa na watu wasio na haya mvua ilipoanza. Na panya wamekojoa humo. Homa ya mgunda iliyosikika Ruangwa mwaka 2022 hubebwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na huingia kupitia kidonda kidogo tu cha mguu. Ndiyo maana nimesema gambuti.

1. Zunguka nje kabla ya kuingia

Usiguse mlango bado. Zunguka nyumba nzima polepole huku ukipima ardhi kwa fimbo mbele yako. Ninachokihofia zaidi ni shimo la choo. Maji yakikaa siku mbili juu ya shimo lisilojengewa vizuri, kuta za ndani hulainika, na mfuniko unaweza kuonekana uko sawa huku chini kumebaki hewa. Weka fito au kamba kuzunguka shimo, na asikanyage mtu.

Kisha angalia msingi. Kama maji yamechimba chini yake hadi unaona mwanga upande wa pili, au ukuta una ufa wa kuingiza kidole unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, usiingie. Mwite fundi anayejua, siyo anayepita.

Umeme sasa. Kama mita ya LUKU au meni swichi ililowa, usiiguse hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu unaweza kurudi wakati mkono wako uko pale. Piga simu TANESCO waje wakate kwenye nguzo. Kama meni swichi ilibaki juu ya maji na umesimama pakavu, izime. Waya ulioanguka barabarani uhesabu kuwa una moto mpaka TANESCO waseme hauna. Mtungi wa gesi utoe nje, ufunge valvu, usiwashe jiko lile mpaka mpira na regyuleta vimebadilishwa.

2. Piga picha, halafu gonga msumari

Hatua hii watu huiruka, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Maji yakiondoka huacha mstari wa kahawia ukutani. Usiufute. Piga picha kila chumba mstari ukionekana, piga na vyombo vilivyoharibika vikiwa palepale vilipo. Halafu chukua ile misumari, uigonge ukutani kwenye mstari, mmoja ndani na mmoja nje. Ukipiga plasta mpya acha kichwa cha msumari kitokeze.

Ule msumari ndio utakaokuambia soketi ikae wapi, plasta ivunjwe mpaka wapi, rafu ya vyeti iwekwe wapi, na kama utainua sakafu, uinue kiasi gani. Mtu akishapaka rangi, ndani ya mwaka mmoja anasahau. Ukimwuliza maji yalifika wapi anakuonyesha magotini. Msumari unasema kiunoni.

Picha zikishapatikana, nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ujiandikishe. Orodha ya waathirika inaanzia pale, na ukichelewa jina lako halimo. Nenda mwenyewe, msalimie mwenyekiti vizuri, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama ni mpangaji, jiandikishe wewe pia, usimwachie mwenye nyumba.

Vyeti vilivyolowa usivibandue vikiwa vimeshikana. Suuza kwa maji safi kwenye beseni, viweke ndani ya mfuko, mpe mwenye friji aviweke kwenye friza. Ubaridi unazuia ukungu mpaka utakapopata nafasi ya kuvikausha kimoja kimoja kivulini. Cha kuzaliwa kikishindikana, RITA watakutolea kingine.

3. Toa tope likiwa bado laini

Tope la siku mbili linatoka kwa koleo. La wiki mbili linataka sururu. Anza chumba cha ndani kabisa ukielekea mlangoni. Ng'oa milango ya ndani kwenye bawaba zake kwanza; utafanya kazi kwa nafasi, na milango itakauka bila kupinda ukiilaza juu ya matofali.

Tope usilitupe kwenye mtaro. Najua kila mtu anatupa. Mtaro huohuo ndio ulioshindwa kupitisha maji wiki iliyopita, na ukiujaza tope, mvua ndogo tu ya usiku inawarudisha wote mlikotoka. Lirundike mahali pamoja na mkubaliane na majirani kulipia kirikuu moja ya kulitoa.

Cha kutupa na cha kubaki: godoro la sponji lililolala kwenye maji ya mafuriko tupa, na najua bei yake. Dari ya jipsam iliyolowa ivunje kabla haijakuangukia. Makabati ya mbao za kubandikwa huvimba kama mkate na hayarudi. Kitanda cha mninga au mkongo osha, kausha kivulini, kitakuzika. Sufuria, sahani za bati na vijiko vinaokolewa kwa sabuni na klorini. Chakula chochote kilichoguswa na maji, hata unga uliofungwa kwenye mfuko wake, ni cha kutupa.

4. Osha, halafu ndiyo uweke dawa

Klorini haiui kitu juu ya uchafu. Sugua kwanza kuta na sakafu kwa maji ya sabuni, suuza, kisha pitisha dawa: kikombe kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 20, ikae dakika kumi na zaidi. Fungua madirisha yote. Na tafadhali, usichanganye dawa hiyo na ile ya kusafishia choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia. Inatoka hewa ya sumu. Nimeona mtu mzima akitolewa chooni akiwa hajitambui kwa sababu alitaka ing'ae zaidi.

Kama maji yaliyoingia yalikuwa ya bahari, suuza mara mbili tatu kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya yote. Chumvi ikibaki ukutani itavuta unyevu kila msimu, na itazila nondo kimyakimya.

5. Maji ya kunywa na choo

Kisima kilichofunikwa na mafuriko usikinywe mpaka kimetolewa maji, kimetiwa klorini na afisa afya wa kata amesema sawa. Hata maji ya bomba, kama mabomba yalizama au yamepasuka, chemsha yatokote kweli kweli, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo cha kwenye pakiti. Maji yenye tope yachuje kwa kanga safi kwanza. Kipindupindu hakingoji umalize kujenga.

Tangi la maji taka usiliite gari la kunyonya siku ya kwanza likamaliza lote. Ardhi ikiwa imejaa maji, tangi tupu husukumwa kutoka nje, na la plastiki huelea kabisa na kukata mabomba. Subiri maji ya ardhini yashuke, au nyonyeni nusu.

6. Kausha

Hapa ndipo watu wanapoharibu nyumba zao kwa mikono yao wenyewe.

Ukuta wa tofali la inchi 6 uliokaa kwenye maji siku mbili haukauki kwa wiki moja. Juu utauona mweupe na mkavu, ndani umelowa. Hesabu wiki nne mpaka nane, na kama ni katikati ya masika, ongeza. Miezi mizuri ya kukausha hapa kwetu ni Juni mpaka Agosti, kusi inapovuma na hewa haina jasho.

Mara ya kwanza mimi nilipiga plasta siku ya tisa. Sikukuu ilikuwa inakaribia, wageni wanakuja, mama watoto hataki kuona tofali. Siku ya thelathini rangi ilianza kuvimba mapele, kufika miezi mitatu plasta ilianguka nyuma ya kochi kipande kimoja kama sinia. Nikalipia kazi mara mbili.

Fanya hivi. Gonga plasta ya zamani kwa kishikio cha nyundo. Inapolia kwa mwangwi, imeshaachia. Ibomoe yote mpaka futi moja juu ya msumari. Futi moja, kwa sababu tofali hunywa maji kwenda juu kama utambi wa taa. Toa mifuniko ya soketi. Kama una dari, fungua sehemu hewa ipite. Madirisha wazi mchana kutwa, na usiku kama mtaa unaruhusu. Feni inasaidia, ila ipate umeme kutoka nyumba ya jirani iliyo salama, siyo kwenye waya zako zilizolowa. Jiko la mkaa ndani usiwashe ati unakausha. Moshi wake usioonekana unaua.

Kujua kama pamekauka, chukua kipande cha plastiki angavu, kama futi moja kwa moja, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne asiingie hata sisimizi. Acha saa 24. Ukikuta matone au ukungu nyuma yake, ukuta bado unapumua maji. Rudia wiki ijayo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini plastiki ya kufungia godoro jipya inafaa sana, na majirani watakuwa nazo.

7. Umeme

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Soketi, swichi na breka zilizozama zibadilishwe zote. Tope likikauka ndani yake linaweza kuzifanya zipate moto na kuungua taratibu. Waya za kwenye mabomba ya plastiki mara nyingi huokoka zikivutwa na kupimwa, ila sehemu zilizounganishwa kwa selotepu zikatwe. Soketi mpya zipande juu ya msumari. Nyumba yangu sasa soketi ziko usawa wa bega, wageni wanacheka, mimi nachaji simu.

8. Ukuta na sakafu

Mchanga ndio wa kuangalia. Baada ya kila mafuriko wanaibuka wauzaji wa mchanga wa bei chee uliozolewa bondeni. Umejaa tope na vipande vya nailoni. Utie kwenye chupa, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Kama tabaka la tope juu ya mchanga ni nene, urudishe. Ukiona vipande vya simbi na kombe, huo umetoka ufukweni, una chumvi, usiuchukue hata bure. Na saruji iliyolowa na kuganda mfukoni usiiponde ukaitumia.

Plasta ya chini ya msumari: ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, bila skimu (tabaka laini la mwisho) ya jipsam juu yake. Imwagilie maji asubuhi na jioni siku saba. Mafundi wengi humwagilia siku mbili wakahama kwenda kazi nyingine, kwa hiyo kazi hiyo mpe mtu wa nyumbani. Usipake rangi ya mafuta kwa miezi kadhaa. Najua inafutika alama za mikono ya watoto, lakini inafungia unyevu ndani. Paka chokaa au rangi ya maji nyepesi.

Kama unajenga ukuta upya kutoka chini, nailoni ya DPC (ile ya kuzuia unyevu usipande ukutani) iwepo juu ya msingi, na msingi upande juu ya msumari ikiwa mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, inua angalau chumba kimoja: cha kulala, chenye vyeti.

9. Paa

Upepo hauvunji bati, unalinyanyua. Unapita chini ya ukingo, unatafuta msumari mlegevu, ukiupata unafungua paa kama kopo. Kwa hiyo kazi yote ni kufunga: bati kwa papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi kwa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi kwa ukuta.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kenchi nyingi za mjini zimekaa juu ya ukuta kwa misumari miwili mitatu na dua. Kabla lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) haijamwagwa, chomeka nondo zitokeze juu, uzikunje juu ya mbao ya ukutani. Kama lenta ipo tayari, toboa na ufunge kwa mkanda wa chuma kila kenchi. Bati chagua geji 28 badala ya 30. Namba ndogo ndiyo bati nene, na bado kuna wanaouziwa kinyume chake. Misumari iwe ya bati yenye mpira, ipigwe mgongoni mwa bati, na kwenye kingo, kofia na ncha za paa ipigwe karibu kila mgongo. Katikati unaweza kuruka mmoja.

Mazoea yetu ni kulaza bati kwa kuangalia kusi. Kimbunga kinazunguka, kinaweza kuanza kukupiga kutoka bara na kumalizia kutoka baharini, kwa hiyo kaza pande zote. Paa la kibaraza litenganishe na la nyumba, likiondoka liondoke peke yake. Mapaa marefu yanayotokeza kwa urembo yafupishe. Na wanaoweka mawe na matairi juu ya bati: jiwe hilo upepo ukija halibaki kwako, linakwenda kwa jirani.

Ikikwama

*Ukuta unatoa unga mweupe.* Ni chumvi inayotoka na unyevu. Ipangushe kwa brashi kavu, usioshe, acha ukuta uendelee kukauka. Ikirudi rudi mwaka mzima, ujue mchanga ulikuwa wa baharini, au DPC haipo.

*Harufu ya ukungu haiishi.* Tafuta nyuma ya kabati, chini ya zulia la plastiki, juu ya dari. Mara nyingi zulia la plastiki limetandikwa juu ya sakafu isiyokauka. Likunje wiki mbili.

*Units za LUKU zinakwisha haraka kuliko zamani.* Zima kila kitu, angalia mita. Kama bado inahesabu, kuna waya uliolowa unaovujisha umeme. Zima meni swichi, mwite fundi leo.

*Mlango haufungi.* Usiukate randa bado. Ngoja ukauke kwanza, mwingi hurudi. Ukishakauka na bado unagoma kwenye kona moja, angalia kama msingi upande huo umetitia.

*Maji yanachuruzika sakafuni hata bila mvua.* Maji ya ardhini yamepanda. Chimba mtaro wa futi mbili kuzunguka nyumba, jaza kokoto, uelekeze kwenye mteremko. Kuongeza plasta sakafuni hakutasaidia.

*Homa, macho mekundu, misuli ya miguu inauma baada ya kutoa tope.* Nenda zahanati na umwambie daktari ulifanya kazi kwenye tope la mafuriko. Usijitibu malaria.

*Nijenge tena palepale?* Hili watu huniuliza mwisho, kwa sauti ya chini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde la Msimbazi lina mradi wa serikali unaohamisha watu kwa fidia. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, uliza serikali ya mtaa kama nyumba yako imo kwenye mpaka huo. Familia zilizohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walilalamikia umbali na kazi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi bado niko nilipo. Ila kila nikipiga hesabu ya kurekebisha, naanza kwa kuutazama ule msumari, na wangu uko juu ya meza ya kulia.

Mkitaka kuniuliza kitu, nitumieni picha yenye mstari wa maji. Bila mstari siwezi kukadiria hata idadi ya mifuko.